Kupata kipenyo cha mti uliosimama kutokana na mzingo wake

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada. Nina shamba dogo la mitiki wilayani Muheza, na ningependa kujua kipenyo cha miti kabla ya kuiuza ikiwa bado imesimama. Mti mmoja nimeuzungushia utepe nikapata mzingo wa sm 94. Mwanangu anayesoma sekondari amegawanya kwa 3.14 akapata sm 29.94, kisha akatumia 22/7 akapata sm 29.91. Mnunuzi naye amegawanya 94 kwa 4, akapata 23.5, na anadai kwamba hicho ndicho kipimo cha kukokotolea ujazo. Nani yuko sahihi, na nitumie pai ipi?

Jibu la 1

Mwanao yuko sahihi mara zote mbili. Mzingo wa duara lolote, dogo au kubwa, ukigawanywa kwa kipenyo chake hutoa namba ileile, nayo ndiyo pai, inayoanza 3.14159 na kuendelea bila kikomo. Kwa hiyo 3.14 imepungua kidogo na 22/7 imezidi kidogo. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Archimedes alitumia poligoni zenye pande 96 kuthibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Majibu yenu mawili yanatofautiana kwa takriban milimita 0.3 tu, tumia lolote.

Jibu la 2

Naongeza kwamba hatari kubwa iko kwenye utepe, si kwenye pai. Utepe ukilegea, ukienda mshazari au ukipita juu ya mmea unaotambaa, mzingo huzidi, na kila sentimita 1 iliyozidi huongeza kipenyo kwa milimita 3 na ushei, yaani zaidi ya mara kumi ya tofauti mliyoiona. Wataalamu wa misitu hupima mita 1.3 kutoka ardhini, na penye mteremko husimama upande wa juu. Usipime shinani, kwa sababu shina la mtiki mara nyingi lina mabonde huko chini, na kwa mzingo uleule hakuna umbo lenye eneo kubwa kuliko duara. Hivyo shina lisilo la mviringo hukupa hesabu kubwa kuliko mbao zilizomo.

Jibu la 3

Mzee wangu, suala la mnunuzi ndilo lenye fedha ndani yake. Hiyo 23.5 si kipenyo: ni upande wa mraba ambao mzingo wake ni sm 94. Ni njia ya zamani ya Waingereza, iitwayo kipimo cha Hoppus, iliyokusudiwa kufidia mbao zinazopotea gogo linapochongwa. Mraba huo una eneo la sm za mraba 552, ilhali duara lenye mzingo huohuo lina 703, kwa hiyo takriban asilimia 21 ya ujazo haihesabiwi. Si udanganyifu iwapo bei imepangwa kwa kipimo hicho, lakini ni hasara yako iwapo bei ni ya mita ya ujazo kamili. Muulize hilo kabla ya kukubaliana. Kama ni mita kamili, mti ukishaangushwa pima mzingo katikati ya gogo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 12.57, kisha zidisha kwa urefu wa gogo.