Ganda la AK linaunguza, la .375 linashikika: je, bunduki zina kasoro? Naomba ushauri

Msimamizi wa Mazoezi

Ndugu wanajamvi, ninasimamia mazoezi ya shabaha ya askari wa wanyamapori hapa Tanzania, na kila ganda la risasi linalotoka ni lazima liokotwe na kuhesabiwa. Tunatumia AK, zinazojipakia zenyewe, pamoja na bunduki ya bolti (kifungio kinachovutwa kwa mkono kila baada ya risasi) ya .375 H&H Magnum, ambayo huhitajika mnyama mkubwa anapovamia makazi ya watu. Ganda la .375 huwa vuguvugu tu, lakini la AK huunguza. Hivi karibuni moja lilimwingia askari kwenye kola na kumwachia lengelenge shingoni. Kinachonitatiza ni kwamba risasi ya .375 hubeba baruti inayokaribia gramu 5, ilhali ya AK haifiki hata gramu 2. Je, nizitenge AK hizi kwa ukaguzi, au hiyo ndiyo hali yake ya kawaida?

Fundi wa Silaha

Mkuu, usizitenge kwa sababu hiyo pekee. Kinachoamua zaidi si wingi wa baruti, bali ni muda ambao ganda linakaa ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi, baada ya risasi kulipuka. Baruti inapowaka, joto la gesi yake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na shinikizo lake hulitanua ganda mpaka likabana ukuta wa chemba pande zote. Kichwa cha risasi kinatoka mtutuni baada ya takriban sehemu moja au mbili za elfu za sekunde, shinikizo linashuka, na kuanzia hapo ganda la moto limegusana na chuma kizito ambacho bado ni cha baridi, kwa hiyo joto lake linahamia huko. Anayetumia bunduki ya bolti hutazama kwanza shabaha yake, ndipo ainue mkono wa bolti, na sekunde hizo mbili tatu zinatosha kwa ganda kuacha sehemu kubwa ya joto lake chembani. AK haingoji: gesi inasukuma pistoni, bolti inarudi nyuma, na ganda linang'olewa baada ya sehemu chache tu za elfu za sekunde. Joto ambalo kwenye .375 limebaki ndani ya bunduki, kwenye AK linarushwa nje pamoja na ganda.

Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa kutumia .375 yenyewe. Piga risasi moja na ufungue bolti papo hapo. Kisha, mtutu ukishapoa, piga nyingine ya pakiti ileile na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua, mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea shabaha muda wote. Ganda la kwanza litakuwa na joto zaidi, ingawa bunduki ni moja na baruti ni ileile.

Mwalimu wa Fizikia

Naunga mkono, na ninaongeza hesabu kidogo. Gramu 1.6 za baruti ya AK hutoa takriban jouli 6,000, na kichwa cha risasi huondoka na jouli 2,000 hivi; nyingi ya zinazobaki hutoka na gesi au huingia kwenye mtutu. Ganda la chuma la gramu 7 au 8 huhitaji jouli zisizofika 4 ili lipande kwa nyuzi moja, kwa hiyo kulipandisha nyuzi 60 kunahitaji jouli zipatazo 200, yaani asilimia 3 hivi ya nishati yote. Fungu la ganda likiwa dogo kiasi hicho, tofauti ndogo tu katika mgawanyo wa joto inatosha kulifanya liunguze au lishikike.

Ganda la .375 nalo hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30. Uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya lile la AK, na mchanganyiko huo hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya chuma. Tena, usilinganishe risasi ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho kwenye magazini, kwa sababu chemba iliyokwisha kupata moto hailipozi ganda tena.

Mgeni wa Jamvi

Je, si gesi inayosukuma pistoni ya AK ndiyo inayoliunguza ganda?

Mstaafu wa Kenya

Hapana, ndugu yangu. Gesi hiyo hufanya kazi juu ya mtutu, mbali na chemba. Mfano ulio karibu na wazo lako ni bunduki ya kijeshi ya G3, ambayo huku Kenya imetumika kwa miaka mingi. Haina pistoni, ganda lenyewe ndilo huisukuma bolti, nalo huanza kutoka wakati shinikizo lingali kubwa. Ili lising'ang'anie, ukuta wa chemba umechongwa mifereji myembamba inayopitisha gesi nje ya ganda. Hivyo ganda hupigwa na gesi ya moto ndani na nje, na hutoka likiwa na michirizi myeusi. Nimeyaokota mengi, na sijawahi kushauri mtu ayaguse mapema.

Msimamizi wa Mazoezi

Nawashukuru sana. Basi ni dalili zipi zinazopaswa kunifanya niitenge bunduki? Na askari niwakinge vipi?

Fundi wa Silaha

Tazama kitako cha ganda. Kile kifuniko kidogo kinachogongwa na pini kikiwa kimetoboka au kimebonyea na kuwa bapa kabisa, ganda likiwa na ufa, au bolti ikifunguka kwa shida, acha kutumia bunduki hiyo pamoja na pakiti hiyo ya risasi mpaka zikaguliwe.

Kwa askari, wafunge kola, wavae kofia yenye ukingo na miwani, na uwapange kwa nafasi, kwa kuwa AK hurusha maganda kulia. Hatari iliyo kubwa kuliko lengelenge ni askari kugeuka na bunduki iliyo tayari kulipuka huku akijipapasa shingo. Wazoeze hili mpaka liwe desturi: ganda likimwingia mtu, kidole kitoke kwenye kifyatulio, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea shabaha, bunduki ifungwe usalama, ndipo alitoe. Na baada ya kupiga mfululizo, risasi nzima isiachwe ndani ya chemba ya moto, kwani baruti inaweza kuwaka yenyewe bila kifyatulio kuguswa. Magazini itolewe, chemba iondolewe risasi na bunduki iachwe wazi ipoe.