MJADALA: Stesheni ya zamani ya Kigoma ivunjwe, iwe makumbusho, au ibaki kazini?

Wakuu, heshima kwenu. Tangu mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022, kilomita 506, swali haliishi vijiweni: reli mpya ikifika, lile jengo la stesheni la Mjerumani, chini kabisa ya Barabara ya Lumumba, tulifanyeje? Wapo wanaosema livunjwe, ni la mkoloni, kiwanja kipate jengo la biashara. Wapo wanaotaka liwe makumbusho. Mimi nasema libaki na ofisi zake na watu wafanye kazi humo.

Hoja ya "jengo la mkoloni" ndiyo inayoniuma. Reli ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Julai 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Piga hesabu: Mjerumani aliitawala reli hii hapa miaka miwili tu. Miaka zaidi ya mia iliyofuata imebebwa na makarani, mafundi na makuli wa kwetu, na hata mataruma ya mwanzo yalilazwa kwa jasho la Waafrika. Ni wafanyakazi wa reli hii waliogoma 1960, Kasanga Tumbo akiwa kiongozi wao, siku 82, serikali ya mkoloni ikiwa bado madarakani. Sasa hilo jengo ni la nani?

Halafu tukumbuke mji wenyewe. Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji. Kigoma ilipewa reli kwa sababu ya bandari yake, na vipande vya meli ya Mjerumani Graf von Götzen, Liemba yetu hii, vikaja kuunganishwa hapahapa hadi meli ikaingia majini 1915. Stesheni ndiyo cheti cha kuzaliwa cha Kigoma mjini.

Ndugu zangu wa makumbusho nawaelewa, nia yenu ni njema. Lakini makumbusho huishi kwa bajeti, na bajeti ikikatwa mlango unafungwa, popo wanahamia. Ofisi haiko hivyo. Karani akivujiwa juu ya meza yake atapiga kelele siku hiyohiyo. Nendeni pale siku ya treni: magunia ya dagaa yamepangwa, madumu ya mawese yamefungwa kamba shingoni, akina mama wamekalia mizigo yao kivulini wakinyonyesha, foleni imejaa dirishani. Historia ya stesheni ni hiyo, na bado inaendelea.

Kinachonitisha zaidi ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze. Mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 una ulinzi ambao jengo zima la zama za Mjerumani halipati kwa umri wake! Dar es Salaam walikuwa na jengo la zamani la Salamander pale Barabara ya Samora, likavunjwa. Leo pamesimama ghorofa refu.

Kwa hiyo madiwani wetu wa Kigoma Ujiji wahakikishe ulinzi wa jengo hili unaandikwa mapema, wakandarasi wasije wakatukuta tumelala. Likarabatiwe pia, vyoo na paa kwanza, na apewe kazi fundi anayejua chokaa, maana saruji kwenye kuta za zamani hufungia unyevu ndani na plasta hubanduka yote. Chumba kimoja cha picha na vifaa vya zamani kinatosha kuwaridhisha watu wa makumbusho, vingine vibaki na makarani na wauza tiketi.

Mnaotaka livunjwe, nijibuni hili moja: kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, kiwanja cha biashara kimekosekana wapi hadi tukitafute chini ya stesheni?