Gapi (samaki wadogo wa mapambo) wanabana mapezi na vifaranga wanapotea (tangi la lita 60, Uyole, Mbeya)

Kioo_Uyole:
Wakuu, naombeni ushauri. Tangi lita 60, madume 6, majike 4. Maji ya mvua matupu. Sina hita (kifaa cha kupasha maji joto), kipimajoto alfajiri kinasoma nyuzi 16, mchana 21. Chujio ni sponji na pampu ya hewa. Samaki wamebana mapezi, wanatikisika palepale bila kusogea. Majike wawili wamezaa, kesho yake hakuna kifaranga hata mmoja. Nianze na lipi?

Fundi_Sponji:
Baridi kwanza, mkuu. Gapi kwao ni Trinidad, Venezuela na Guyana, nchi za joto. Anataka 23 hadi 26. Kwenye 16 hafi papo hapo, ila chakula hakisagiki vizuri, kinga inashuka, halafu yanafuata madoa meupe na mapezi kuoza. Kupanda na kushuka nyuzi 5 kila siku nako kunamchosha.

Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, lita 60 zinahitaji hita ya wati 100. Ya 50 itawaka usiku kucha na isifikishe. Ilaze karibu na sponji ili mapovu yasambaze joto. Weka 24, lakini panda taratibu, nyuzi 2 kwa siku. Chomoa hita dakika 15 kabla ya kupunguza maji, maana ikiwaka nje ya maji kioo chake kinapasuka. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi pande zote, juu acha upenyo wa hewa.

Mama_Vifaranga:
Nakubaliana naye, ila huko kutikisika palepale mimi nakuona zaidi kwenye maji. Maji ya mvua hayana madini, na gapi ni samaki wa maji magumu. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke. Tafuta na mawe ya chokaa, Songwe yapo. Dondoshea siki: likitoa povu, ndilo. Ponda, osha mpaka maji yatoke safi, tia konzi moja kwenye soksi safi, iweke penye mapovu. Usibadilishe maji yote kwa mkupuo. Robo kwa wiki inatosha.

Vifaranga wameliwa, ndugu yangu. Gapi hatagi, anazaa watoto wanaoogelea saa hiyohiyo, na mama hana malezi: kidogo kinachopita mbele yake ni chakula. Jaza theluthi ya uso wa maji mimea inayoelea yenye mizizi mirefu, watoto hukimbilia humo. Kuhamisha jike aliyekaribia kuzaa sikushauri, mshtuko unaweza kuharibu mimba. Ukiona doa jeusi karibu na mkundu limekolea na tumbo limekuwa la pembe, ongeza mimea tu.

Chakula cha vifaranga: usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) mkavu wa Kyela usio na chumvi, twanga, chekecha kwa kitambaa. Ncha ya kijiti, mara 4 kwa siku. Kiini cha yai ni kizuri, ila kikibaki kinachafua maji upesi.

Fundi_Sponji:
Nimesahau madume. Sita kwa majike wanne ni mateso: dume hujipinda mbele ya jike kutwa nzima, na akikataliwa humvizia kwa nyuma. Bakiza 2.

Kioo_Uyole:
Asanteni sana. Hao wanne niwaachie mtoni? Na nikitoa madume wote, uzazi utakoma?

Mama_Vifaranga:
Mtoni hapana kabisa! Mito kama Kiwira inaingia Ziwa Nyasa, lenye mamia ya samaki wasiopatikana kwingine duniani, na gapi akishazoea mahali hang'oki. Mpe mfugaji mwenzako, au weka kwenye pipa lililofunikwa wavu, watakula viluwiluwi vya mbu.

Uzazi hautakoma mara moja. Jike hutunza mbegu za dume mwilini, anaweza kuzaa kila baada ya wiki 3 hadi 5 kwa miezi kadhaa bila dume. Watoto nao watenganishe kabla ya wiki ya 5: pezi la chini nyuma ya tumbo likianza kuchongoka kama kijiti, huyo ni dume.