Mrejesho: Mikono ya mbele ya Camaro ya 1969

Ndugu zangu, niliuliza iwapo ninunue mikono ya juu ya saspensheni (vyuma vinavyounganisha gurudumu na fremu ya gari) inayorekebishika au ile ya mabomba yenye pembe isiyobadilika, kwa kuwa Camaro yangu ya 1969 ilikuwa ikiyumbayumba kwenye barabara kuu za hapa Texas. Nimechagua inayorekebishika, na ninaeleza sababu.

Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ukitazama gari kwa ubavu) ndogo mno, karibu digrii sifuri, kipimo kilichofaa tairi za zamani na usukani usio na msaada wa haidroli. Kwa tairi za radiali nilihitaji takriban digrii 5, na kuzipata kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi) peke yake kungenilazimu kurundika shimu nyingi upande mmoja hadi nyuzi za bolti zisitoshe kushika nati. Mikono mipya ina mirija yenye nyuzi za kuzungushwa, hivyo kasta na kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje) hupangwa bila rundo hilo.

Mikono ya chini nimeiacha ya asili, nikabadilisha bushi (vikingo vya kwenye maungio) na boli jointi (viungo vya tufe) tu. Bushi nilichukua za mpira. Za poliyurethani hulia zikikauka grisi, nami gari hili ni la matembezi, si la mashindano.

Sasa usukani hurudi wenyewe baada ya kona. Hata hivyo, nati moja ya kufungia mrija ililegea baada ya maili 300, kosa langu mwenyewe, kwani sikuikaza upya baada ya alaimenti (kupanga pembe za magurudumu).