Mafundi wa majiko ya peleti mnatubadilishia spea wakati tatizo ni majivu, nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Msimu mzima wa baridi nimehangaika na jiko la peleti (la kupashia nyumba joto, linachoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) linalozima lenyewe usiku, kioo kimekuwa cheusi kama lami, fundi kaja mara mbili kanibadilishia vitu viwili nikalipia vyote, kumbe tatizo lilikuwa MAJIVU. Majivu tu. Yamejaa sehemu ambayo hakuna mtu hata mmoja, kuanzia aliyeniuzia, aliyelifunga, mpaka huyo anayejiita fundi wa sevisi, aliyewahi kuniambia kwamba ipo.

Siku ya kulifunga nilimuuliza jamaa, usafi wake ukoje? Akanijibu "hili linajisafisha lenyewe bosi, we mwaga trei ya majivu mara moja kwa wiki, futa kioo, basi". Nikafanya hivyo na zaidi ya hivyo. Kila asubuhi kabla sijawasha natoa kile kikombe cha moto, yaani kibakuli cha chuma chenye matundu chini ambamo peleti zinaungulia, nakigonga, nazibua matundu na msumari, nafuta kioo kwa gazeti bichi nimelichovya kwenye majivu yenyewe (inasafisha kuliko dawa yoyote, na usipulizie dawa kioo kikiwa cha moto). Trei namwaga. Naamini nimemaliza.

Hiyo "kujisafisha" nimekuja kuielewa baadaye na ndiyo inayoniuma kuliko yote. Kinachofanyika ni kwamba kila baada ya muda feni ya moshi inaongeza kasi kidogo, upepo unapuliza majivu yatoke kwenye kikombe. Hakuna kingine. Majivu hayapotei, yanahama! Mazito yanadondoka kwenye trei, mepesi yanaruka na moshi yanapita nyuma ya zile sahani za chuma zilizo mgongoni kwa moto, yanaingia kwenye njia za kupashia hewa, yanashuka kwenye vyumba vya pembeni chini, yanaganda kwenye pangaboi za feni na kwenye kona ya bomba. Peleti nzuri kabisa za daraja la ENplus A1 (alama ya ubora wa peleti) zinaruhusiwa majivu mpaka asilimia 0.7 ya uzito, maana yake tani moja inaweza kukuachia mpaka kilo 7 za unga mwepesi kuliko poda. Sasa hesabu uliyomwaga kwenye trei halafu ujiulize mengine yako wapi.

Dalili zilianza taratibu. Moto ambao zamani ulikuwa mfupi, mweupe-njano, unaruka kwa nguvu, ukaanza kuwa mrefu, wa rangi ya chungwa, mvivu, unapepea kama unatafuta pa kwenda na ncha zake zinatoa moshi mweusi. Kioo nilichokuwa nafuta kila asubuhi kikawa kinaziba ndani ya masaa matatu. Kwenye kikombe peleti zinarundikana hazijaungua. Baadaye likaanza kugoma kuwaka kabisa, peleti zinashuka, dakika zinakwenda, mara linaandika limeshindwa kuwasha.

Nikampigia fundi. Kaja, kasimama mbele ya jiko hajafungua hata mlango, kasoma ule ujumbe, kasema "kiwashio kimekufa". Kabadilisha, limewaka, kaondoka. Wiki ya tatu yale yale. Karudi, safari hii "sensa ya joto la moshi". Kabadilisha, limewaka, kaondoka. Mara zote mbili nilimwambia angalia huu moto ulivyo, angalia kioo, akaniambia hizo ni peleti zako mbovu.

Niseme ukweli kuhusu peleti maana najua mtaniuliza. Peleti mbovu zinaharibu jiko, hilo sibishi. Zenye mchanga au magome mengi zinaacha yale mabonge magumu kama kioo kilichoyeyuka chini ya kikombe, yanaziba matundu ya hewa na unayang'oa kwa bisibisi. Zilizoingia unyevu zinavimba zinarudi kuwa unga wa mbao na skrubu inayozilisha inakwama. Ila mimi zangu kavu, zinang'aa, zinakatika kwa mlio, unga wa chini ya mfuko huwa naupitisha kwenye chekeche kabla sijamimina. Mabonge sijawahi kuyaona hata mara moja. Na hata kama zingekuwa mbovu, fundi aliyesema ni peleti angefungua njia za moshi aone zimeacha nini ndani. Hakufungua.

Sasa ule usiku nilioapa simpigii tena fundi. Saa nane, mtoto analala chumba cha jirani na sebule, nasikia kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu ya moto usioungua vizuri) inalia. Nimetoka mbio, sebule ina harufu ya moshi, jiko limezima lenyewe lakini kwenye kikombe kuna rundo la peleti linaungua polepole na moshi badala ya kwenda nje unachuruzika kwenye pindo la mlango wa jiko. Nikambeba mtoto, mke wangu akafungua madirisha yote, tukakaa nje kwenye baridi mpaka kengele iliponyamaza. Hiyo kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, ni ileile inayoua watu wanaolala na mkaa ndani. Ule moshi tulionusa ni bahati, na kengele ndiyo iliyotuamsha. Mwenye jiko la kuni, mkaa au peleti bila hiyo kengele leo asilale kabla hajaipata, nakuomba kabisa.

Asubuhi sikumpigia mtu. Nikasubiri lipoe kabisa, nikachomoa plagi ukutani, nikachukua kile kitabu cha maelekezo na tochi. Ukurasa wa katikati kuna mstari mmoja unasema safisha njia za moshi, picha yake ndogo kama stempu. Nikanyanyua sahani ya nyuma ya moto, imekaa kwenye vijino viwili tu, haina hata skrubu. Ilipotoka, majivu yakamwagika kama mtu kapasua mfuko wa unga. Yakaendelea kumwagika. Nyuma yake njia ambayo moshi unatakiwa kupita imebaki kiupenyo cha kidole kimoja. Chini pembeni kuna vifuniko viwili, kila kimoja kina skrubu mbili, nikavifungua, humo ndani hata upenyo hakuna, imeshindiliwa kama saruji. Nikatoa feni ya moshi, pangaboi zimevaa masizi mpaka huoni chuma. Nikaenda nje kwenye ile T ya bomba yenye kifuniko chini, nikakifungua, likadondoka bonge la majivu na masizi refu kama mkono.

Hapo ndipo kila kitu kikaeleweka, na nilikaa chini nikatetemeka kwa hasira. Hili jiko linapumua kwa feni ya moshi, feni inavuta moshi nje na kwa mvuto huohuo hewa mpya inaingia kwa chini kupitia matundu ya kikombe. Ukiziba njia ya kutoka umeziba na ya kuingia. Moto unakosa hewa unakuwa mvivu, masizi yanaongezeka, yanaziba zaidi. Swichi ya mvuto ikihisi mvuto umeshuka inakata ulishaji wa peleti, ndio maana lilikuwa linazima usiku. Na kiwashio kinapitisha hewa ya moto kwenye tundu moja dogo ubavuni mwa kikombe, hewa isipovutwa peleti hazishiki hata kiwashio kiwe kipya cha dhahabu. Mbona baada ya kubadilisha lilikuwa linawaka? Kwa sababu kila akija anatoa kikombe, anakigonga, anazibua lile tundu ili afikie kazi yake, linapata nafuu ya siku chache!

Nikasugua kila mahali kwa brashi, bomba nikalipitisha brashi ya duara ya saizi yake, feni nikaisafisha kwa brashi laini bila kukunja pangaboi, nikairudisha na gasketi mpya maana ya zamani ilichanika. Halafu nikafanya kitu kimoja. Kile kiwashio cha zamani "kilichokufa" nilikuwa nimekiweka kwenye droo. Nikakirudisha. Nikawasha. Dakika chache moto ukashika, mfupi, mkali, unanguruma. Hicho kiwashio kinawasha mpaka leo naandika, kila siku, wiki ya tano sasa. Nililipia kipya cha nini?

Na sensa nayo hivyohivyo, ilikuwa imefunikwa tu na masizi, unaifuta kwa kitambaa inasoma vizuri.

Jambo jingine lililonikera, siku ya sensa fundi alitaka kunyonya majivu kwa vakyumu ya kawaida ya nyumbani, jiko halijapoa vizuri. Nikamzuia. Kaa moja lililojificha kwenye majivu linatosha kuwasha mfuko wa vakyumu, na hata lisipokuwepo ule unga unapenya chujio la kawaida unatapakaa nyumba nzima mnauvuta nyie. Zipo vakyumu za majivu zenye pipa la chuma na chujio lake maalumu, mtu anayeishi kwa kazi hii anakosaje? Na majivu usiyatie kwenye mfuko wa plastiki wala boksi, kaa linaweza kukaa hai humo siku kadhaa. Ndoo ya chuma, mfuniko wa chuma, nje, mbali na kitu chochote kinachoungua.

NYONGEZA: nimeona maswali, najibu kwa pamoja.

Anayeuliza afanye mara ngapi, mimi sasa naenda hivi, kikombe na kioo kila siku jiko likiwa limepoa, trei na eneo linaloizunguka mara moja au mbili kwa wiki, kama lako lina kile kijiti cha kuvuta na kusukuma cha kukwangua mirija kivute kila siku, wengi wanadhani ni pambo. Sahani ya nyuma natoa kila mwezi kwa sababu tunawasha mchana na usiku. Feni, vyumba vya chini na bomba lote angalau mara moja kwa mwaka, na mimi nitafanya na katikati ya msimu. Msimu ukiisha maliza peleti zote kwenye hopa (lile tangi la kumiminia peleti), fyonza ule unga wa chini, usiache zinyonye unyevu miezi yote ile skrubu ikashika kutu. Ila kitabu cha jiko lako ndicho cha kufuata kama kinasema tofauti.

Anayesema moshi wake unatoka mlangoni, angalia ile kamba ya gasketi ya mlango kabla ya kitu kingine. Bana karatasi mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kushika, kamba imekufa, fanya hivyo mlango mzima kuzunguka. Ya kwangu ilikuwa imelala upande wa bawaba tu, na ndipo moshi ulipotokea usiku ule.

Na aliyeniambia kwamba ni kosa langu sikusoma kitabu, nimekusikia, lakini mimi nilimlipa mtu anayesema hii ndiyo kazi yake. Nilimuuliza kwa mdomo wangu usafi ukoje. Angeniambia maneno sita tu, "kuna sahani nyuma, itoe kila mwezi", mtoto wangu asingelala kwenye ile hewa.

Jana huyo fundi kanipigia kukumbusha sevisi ya mwaka. Nimemwambia aje Jumamosi, aje na brashi ya bomba na vakyumu ya majivu, atatoa sahani na vifuniko mbele yangu, na vile viwili alivyobadilisha viko mezani vinamsubiri tuzungumzie hela yangu. Amekata simu, hajarudisha jibu.

Nahitaji msaada wenu sasa kwa jambo moja, kile kifuniko cha chini upande wa kulia skrubu yake ya ndani sasa haifunguki tena, imeshika kutu na nafasi ni finyu bisibisi haiingii wima. Mwenye jiko la muundo huo ameifunguaje bila kuharibu kichwa cha skrubu?