Je, imani nyingine nazo hukiri kwamba Mungu hana mfano?

Swali: Ndugu zangu, aya ya 11 ya Surat Ash-Shura husema kwamba hakuna chochote kilicho mfano wa Mwenyezi Mungu, nami natamani sana kujua kama wasio Waislamu hufundisha hivyo.

Jibu la 1: Ndiyo, ndugu yangu. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki nchini Misri mwaka 1204, alishikilia kwamba ni salama zaidi kueleza Mungu si nini kuliko kueleza ni nini, kwa kuwa kila sifa tunayompa tumeiazima kwa viumbe. Nazo Upanishad, maandiko matakatifu ya Wahindu yaliyotangulia karne nyingi, humtaja Brahman, yaani uhalisi mkuu ulio asili ya vyote, kwa maneno “neti, neti”, yaani “si hiki, si hiki”, jambo ambalo hunigusa kila nilisomapo.

Jibu la 2: Nakubali, ila tusizichanganye. Injili ya Yohana 1:18 husema hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote, lakini papo hapo yasema Mwana ndiye aliyemfunua. Na hapo ndipo sisi Wakristo tunapotengana na Waislamu na Wayahudi.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na Musa bin Maimun, hasa kwa kuwa aliandika kwa Kiarabu.