Naombeni ushauri: nikidai matunzo ya mtoto, TASAF watanifuta?

Utingo86 (mleta uzi) #1

Wakuu, habari za usiku. Naomba tusitukanane, leo ni usiku wa tatu sijapata usingizi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume. Naishi kijijini, mkoa wa Tanga, na mama yangu mzazi ambaye miguu imeshamshinda, pamoja na binti wa marehemu dada yangu aliyeko darasa la tano. Kaya yetu ni mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Tunapokea kila baada ya miezi miwili na mara ya mwisho ilikuwa 36,000. Kwa mwenye mshahara hiyo ni hela ya vocha. Kwetu ndiyo sare ya shule, ndiyo dawa ya presha ya mama, ndiyo vifaranga sita nilivyonunua mwezi wa nne na sasa vinataga.

Baba wa mtoto yupo, mzima wa afya, ana kazi. Hatoi hata senti. Kuna dada kanishauri niende ustawi wa jamii nikadai matunzo. Swali langu ni moja: nikianza kupata matunzo, TASAF hawatasema tumeshajiweza watufute? Naogopa kukosa huku na kule.

Kijiwe Nongwa #2

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wenye elimu yao.

Bi Mkubwa Chumbageni #3

Mwanangu, pole. Ila nyie watoto wa siku hizi mnazaa kwanza, maswali baadaye. Sikusemi kwa ubaya, nami nilipita hukohuko.

Mwaka 1994 nilimpeleka mzazi mwenzangu mahakamani. Unajua nilipewa nini? Shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Ndio ulikuwa ukomo wa sheria ya wakati ule, iliandikwa zamani hela ilipokuwa hela, serikali ikaiacha hivyohivyo miaka nenda rudi. Mia ile haikutosha nusu kilo ya sukari, na kila nilipoifuata nililipa nauli kubwa kuliko yenyewe. Nikaacha. Wanangu nikawalea kwa maandazi na sabuni ya mche. Wamekuja kuifuta sheria ile mwaka 2009, mwanangu wa mwisho keshamaliza shule.

Kwa hiyo mimi nakwambia uza maandazi. Usimtegemee mwanaume wala serikali.

Wakili wa Baraza la Nje #4

Bi Mkubwa, heshima yako, shikamoo. Lakini ile ya shilingi 100 imeshazikwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina kiwango kilichofungwa. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha ya pale mtoto anapoishi.

Mleta uzi, kabla sijajibu nisaidie mambo matatu. Mtoto ana umri gani? Baba yake aliwahi kutoa chochote tangu azaliwe? Jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa?

Leicester Kwa Miguu #5

Mie niko upande wa pili wa meza, msinipige mawe. Huku Uingereza nalipa matunzo ya watoto wawili kupitia idara ya serikali inayoitwa Child Maintenance Service. Ukiwa msumbufu wanakutoa kwenye kulipana wenyewe, wanakusanya wao: juu ya matunzo naongezwa asilimia 20 ya ada, na mama watoto naye anakatwa asilimia 4 ya kile anachopokea. Mwajiri anakata kwenye mshahara kabla sijauona. Mwezi wa kwanza nililia.

Sasa kuhusu swali la dada: huku zamani mama akipata matunzo, posho yake ya serikali ilipunguzwa. Watu walipiga kelele miaka mingi, maana hela ya baba ilikuwa inaishia hazina, haimfikii mtoto. Tangu 2010 matunzo hayahesabiwi kabisa kwenye posho. Sijui huko nyumbani imekaaje, lakini hofu yake si ya kijinga.

Kijiwe Nongwa #6

Kaka wa Leicester, hapo kwenye "ukiwa msumbufu" umepita haraka sana. Ulisumbua nini?

Leicester Kwa Miguu #7

Nilikaa miezi minane bila kutuma. Nilikuwa na hasira na mama yao. Watoto hawakuwa na kosa, nalijua hilo.

Utingo86 #8

Asanteni. Mtoto ana miaka minne na miezi miwili. Cheti hakina jina la baba, nilipokwenda kuandikisha aliniambia nisubiri kwanza. Kutoa hajawahi, kama nilivyosema.

Wakili wa Baraza la Nje #9

Hapo tunaingia kwenye tope, dada. Mwanaume anayedaiwa kuwa baba unamdai matunzo mtoto akiwa bado tumboni, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Miezi hiyo ikipita, unatakiwa kuthibitisha kwamba ndani ya kipindi kilekile aliwahi kutoa hela ya matunzo. Kama kweli hajawahi kutoa hata senti, utaanza na ombi la kuthibitisha uzazi. Hilo linaweza kufunguliwa mpaka mtoto afike miaka 18, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu. Inawezekana, ila ni safari.

Ndiyo maana nakuuliza mara ya pili, fikiri vizuri: kweli hajawahi?

Utingo86 #10

Alituma. Mwaka wa kwanza alituma 20,000 mara nne, kwa simu, namba yake mwenyewe. Na mtoto alipotimiza siku saba yeye ndiye aliyeleta mbuzi wa akika na mama yake akaja. Sikusema kwa sababu nilidhani ukisema aliwahi kutoa, kesi inakuwa nyepesi kwake.

Mama Mapacha Kilifi #11

Dadangu, umefanya vizuri kusema. Huku Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Lakini katiba haipiki ugali. Mamangu yuko kwa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee na wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi inakaa mpaka ilimbikizane. Akienda kuuliza kwa chifu anaambiwa pesa haijatoka Nairobi. Mwaka uliopita tulikopa unga dukani tukisema "Inua ikiingia". Mwenye duka akaacha kutujibu salamu.

Kwa hivyo sikushangai ukishikilia hiyo kidogo unayopata.

Mwezeshaji Mstaafu #12

Dada, kuna jambo unaliruka tangu mwanzo. Umesema baba ana kazi. Kazi gani? Na kwa nini uwaze TASAF kukufuta wakati hujapokea hata shilingi ya matunzo? Mtu haogopi hivyo bila kutishwa. Nani kakutisha?

Utingo86 #13

Ni mtendaji wa kijiji chetu.

Nisiendelee kuficha. Wakati wa kuandikisha kaya aliniambia atahakikisha tunaingia. Tukaingia. Tangu siku hiyo nikimwomba hata hela ya dawa ya mtoto ananijibu, "Si nimekuingiza TASAF? Hayo ndiyo matunzo yako." Mwezi uliopita nilipotamka ustawi akasema jina likishaingia linaweza pia kutoka.

Jumatatu aliniita ofisini nikasaini karatasi kwamba sitamdai, naye hataligusa jina letu. Najua mtanisema. Lakini mnisikilize: 36,000 ninaiona kwa macho, matunzo sijawahi kuyaona. Mama yangu akikosa dawa wiki mbili anavimba uso. Mimi naona nilichagua kisicho na shaka. Nilitaka tu mniambie kama nimekosea sana.

Bi Mkubwa Chumbageni #14

Yarabi. Huyu mtu anamlea mwanawe kwa hela ya maskini wenzake, halafu anataka ashukuriwe.

Mwanangu, yale ya maandazi niliyosema nimeyafuta. Nenda ustawi.

Mwezeshaji Mstaafu #15

Niseme ninachokijua, kwa sababu nilipita vijijini na madodoso ya TASAF mwaka 2014. Mtendaji hana kalamu ya kuingiza wala kutoa kaya. Majina yanapendekezwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, watu wanabisha palepale: huyu ana ng'ombe, huyu ana mtoto mjini. Halafu dodoso nyumba kwa nyumba: mnalala wangapi, paa la nini, mnakula mara ngapi. Linachujwa, orodha inarudi mkutanoni. Mama asiyeweza kutembea, yatima, na mtoto mdogo. Hiyo kaya iliingia kwa hali yake. Alikuuzia kilichokuwa chako.

Sisemi mfumo ni msafi. Mwaka 2016 kwenye uhakiki tulikuta kaya hewa, marehemu, waliohama, na viongozi waliojiandika wenyewe. Nilikuta jina la mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo anaweza kukusumbua: kukuchelewesha kwenye uhakiki, kukuandikia kwamba mtoto hakwenda kliniki. Ndiyo maana umtoe kwenye giza. Malalamiko ya TASAF yana mratibu pale halmashauri, tena yeye mtendaji mwajiri wake ni halmashauri hiyohiyo. Na mtumishi anayemtishia mnufaika kwa ruzuku ya umma ili akwepe deni lake mwenyewe, hilo TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanalihitaji. Namba yao ni 113, bure.

Chuma cha Pua #16

Wakuu mnakunywa chai ya moto na hampulizi.

Nimepitia nyuzi za zamani za huyu Utingo86. Mwaka 2022 aliomba ushauri wa kununua Fuso mtumba. Mwaka 2023 akasema mke wake anamnyima unyumba. Leo ni mama wa mtoto mmoja Tanga? Kwanza alisema hajatoa hata senti, kumbe mara nne na mbuzi juu. Kila mkimbana inazaliwa sura mpya. Hii ni hadithi ya kutunga.

Kijiwe Nongwa #17

Duh. Narudisha siti.

Mzigua Halisi #18

Mimi nina wasiwasi mkubwa kuliko huo. Someni tena maswali ya mleta uzi. Kesi inakuwa nyepesi kwake? Nani anaweza kumfuta nani? Karatasi imemsaidia? Huyu si mama. Huyu ndiye mtendaji mwenyewe, anapima kama ile karatasi itamlinda, na Wakili anamfundisha bure.

Leicester Kwa Miguu #19

Hata kama ni yeye, basi ayasome haya. Mimi ningependa mtu angenisomea mapema.

Mama Mapacha Kilifi #20

Nyinyi wanaume mkisikia jambo la mwenzenu limefichuka, mara hadithi, mara chai. Mwanamke kusema kwa vipande ndiyo uongo? Mimi niliposema ya kwangu, nilianza na shilingi, nikamaliza na ngumi. Haikutoka siku moja.

Utingo86 #21

Akaunti ni ya kaka yangu, anaendesha lori la mbao na simu hii ameniachia. Yake mwulizeni yeye akirudi. Mimi sikuwa na namna ya kufungua yangu, ile namba ya siri inakuja kwenye laini ambayo sina.

Kama mimi ni mtendaji au siyo, siwezi kuwaonyesha sura. Karatasi naweza kuwaandikia ilivyo, nimeitoa sasa hivi. Imeandikwa kwa mkono wake, yeye ana hati nzuri:

"Mimi (jina lake), Mtendaji wa Kijiji, na (jina langu), tumekubaliana leo kuhusu mtoto wetu (jina la mtoto), kwamba mama hatanidai matunzo ya mtoto huyo popote, kwa kuwa kaya yake inapata ruzuku, nami sitaondoa jina lake."

Amesaini, nimesaini, na kuna muhuri wa kijiji.

Wakili wa Baraza la Nje #22

Ameandika "mtoto wetu"? Kwa mkono wake?

Utingo86 #23

Ndiyo. Na tarehe.

Wakili wa Baraza la Nje #24

Dada, usiichane, usiikunje, usimwoneshe mtu yeyote kijijini.

Haki ya matunzo ni ya mtoto. Wewe huwezi kuisaini iishe, hata ungesaini mara kumi. Kwa hiyo kwako karatasi hiyo haina kamba. Kwake ndiyo imefunga: amekiri mtoto ni wake, amekiri kuna matunzo anayoyakwepa, na amekiri anashika jina lenu kama rehani, vyote kwa muhuri wa ofisi ya umma. Baba kumtambua mtoto hadharani ni ushahidi wa uzazi kisheria, na kufanyiwa mtoto mila na upande wa baba pia. Mbuzi wa akika ni ushahidi. Waliomla ni mashahidi.

Ile miamala minne ya simu, nenda kwa wakala mkubwa au ofisi ya mtandao wako, omba taarifa ya laini ya miaka ile. Usitegemee ujumbe uliobaki kwenye simu.

Usianzie kijijini wala kata. Panda mpaka ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Ustawi wenyewe wanaruhusiwa kukuombea amri ya matunzo, na shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Siku hiyohiyo pita kwa mratibu wa TASAF, hapohapo halmashauri, malalamiko yako yapokewe kwa maandishi na upewe nakala. Ukiwa na nakala, jina lenu likitoka wiki ijayo ataulizwa yeye kwa nini.

Chuma cha Pua #25

Bado nina mashaka na Fuso. Lakini kama hiyo karatasi ipo kweli, Wakili yuko sahihi.

Utingo86 #26

Nimesoma yote mara mbili. Nakala ya pili anayo yeye. Yangu nimeiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, kadi nimeitia kwenye debe la unga.

Kuna gari la mnada Alhamisi, linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nauli ninayo ya kwenda tu. Vitauzwa vifaranga viwili.

Wakili, wakala anataka kitambulisho gani kwa hiyo taarifa ya laini? Laini ile iliandikishwa kwa jina la mama.

Wakili wa Baraza la Nje #27

Nenda na kitambulisho cha mama, ila huenda wakamtaka na yeye mwenyewe kwa alama za vidole. Laini ni yake, kwa hiyo naye ni shahidi kwamba hela iliingia. Kama gari lina nafasi, mpandisheni mama.